Fidia ya Haki, Tena Inayotangulia: Vivumishi Viwili vya Sheria na Kiwanja cha Raia

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wanasheria, nalo ni fidia anayostahili mtu ambaye serikali imeitwaa mali yake kwa ajili ya manufaa ya umma. Sisi tumesomea isimu, na hatudai ujuzi wa mahakamani. Tunalileta jambo hili mbele ya wasomaji wa jarida la Kiswahili kwa sababu ugomvi wa fidia huanza kuwa ugomvi wa maneno kabla haujawa ugomvi wa fedha. Mwenye kiwanja wa Mangobo, Kabondo au Lubunga huzungumza juu ya kiwanja chake, ambacho yeye hukiita parsele, kwa Kiswahili au kwa Kilingala. Barua ya kumtoa humo humjia kwa Kifaransa. Kati ya lugha hizo mbili kuna mambo yanayopotea, na baadhi yake yana bei.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya 34, inasema kwamba mali ya mtu ni takatifu, na kwamba Dola inailinda haki ya kumiliki, iwe ya mtu mmoja au ya watu pamoja, iliyopatikana kwa sheria au kwa desturi. Kisha huja sharti: hakuna awezaye kuondolewa katika mali yake isipokuwa kwa ajili ya manufaa ya umma, na kwa kupewa fidia. Fidia hiyo imefuatishiwa vivumishi viwili vya Kifaransa, juste na préalable. Cha kwanza chahusu kiasi, cha pili chahusu wakati. Watu wabishanapo juu ya fidia, karibu wote hubishana juu ya cha kwanza: nyumba ilikuwa ya thamani gani, mti wa mwembe huhesabiwaje. Maoni yetu ni kwamba kivumishi cha pili ndicho kinachokilinda cha kwanza. Fidia iliyokadiriwa vizuri, kisha ikachelewa, huacha kuwa ya haki hata kama hakuna aliyeghushi tarakimu moja. Jambo hili si la kubuni. Historia ya Kisangani yenyewe italithibitisha hapa chini.

Asili ya neno

Neno fidia limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni kitolewacho ili kumkomboa mateka. Waislamu hulijua pia kwa habari ya chakula anachokitoa mtu asiyeweza kufunga mwezi wa Ramadhani. Wakristo wa mji huu wamelisikia kanisani, pale panapoelezwa kwamba Kristo alijitoa kwa ajili ya watu. Katika habari za mateka mwelekeo wa malipo ni mmoja: aliyepotewa ndiye anayelipa, na aliyeshika ndiye anayepokea. Jamaa hutoa mali, mtekaji huipokea, mateka hurudi nyumbani. Mji wetu una sababu ya kuielewa maana hiyo kuliko miji mingi. Tippu Tip alipofanywa wali wa Stanley Falls mwaka 1887, biashara iliyoileta lugha hii ukingoni mwa mto ilikuwa ya pembe za ndovu, na vijiji vingi vilikuwa vimekwisha kujifunza kwamba mtu aliyetekwa aweza kukombolewa kwa pembe.

Katika sheria ya leo mwelekeo umegeuka. Aliyeshika ndiye anayelipa, na kilichoshikwa hakirudi. Lugha ina ruhusa ya kuhamisha neno namna hiyo, wala hatulaumu. Lakini neno lihamapo halifutiki kabisa alama za kwao. Katika habari ya mateka bei hutajwa na mtekaji, na jamaa hukubali kwa kuwa hawana nguvu. Raia wengi hivyo ndivyo wanavyoiona fidia ya serikali: kiasi kinachotajwa na upande ulioshika. Tazama pia kitenzi wanachokitumia. Hawasemi serikali imetwaa wala imetaifisha; husema Leta imekamata parsele, na Leta ni l'État ya Kifaransa iliyokwisha kuwa neno letu tangu zamani. Mtu hukamatwa, mwizi hukamatwa, na kiwanja nacho hukamatwa.

Neno la Kifaransa lilizaliwa kwingine. Indemnité latokana na Kilatini indemnis, yaani asiye na hasara. Hapo kipimo kimo ndani ya neno lenyewe: anayelipwa aachwe katika hali ya mtu ambaye hakupata hasara. Fidia halina kipimo hicho tumboni mwake, ndiyo maana Kiswahili cha sheria kimelazimika kulipa neno hili sifa. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 24, inataja fidia inayostahili. Usemi huo ni mzuri, ila una mlango wazi. Inastahili nini, au inamstahili nani? Msomaji mmoja aweza kusema ni ile inayolingana na thamani ya kitu; mwingine, ni ile inayolingana na hasara ya mtu. Hayo si sawa. Mama anayepika kwanga na kuiuza hatua chache kutoka nyumbani kwake aweza kuwa na nyumba ya udongo isiyo na thamani kubwa machoni pa mpima. Akipelekwa kilomita kumi mbali na soko, udongo wake umelipwa na riziki yake haikulipwa.

Kuna pia maneno madogo yanayotembea pembeni mwa fidia: kifuta jasho, kifuta machozi, mkono wa pole. Tanzania imeyaingiza mawili ya kwanza katika utawala wake. Wanyama wa porini wakiharibu shamba au kuua mtu, malipo yanayotolewa kwa kanuni za mwaka 2011 huitwa kifuta jasho na kifuta machozi, nayo kwa makusudi hayaitwi fidia. Fidia hudaiwa, kifuta machozi hupokelewa kwa shukrani. Hapa kwetu neno la kuangalia ni kitenzi kusaidia. Mtu akiambiwa kwamba kwa habari ya nyumba yake serikali itamsaidia, na ajue kwamba amekwisha kuhamishwa kutoka ibara ya 34 na kupelekwa mahali pa sadaka.

Miaka kumi ya zaire

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua zilizokuja kuitwa zairianisation. Mashamba makubwa, maduka, usafirishaji na viwanda vidogo vya wageni vilipaswa kupita mikononi mwa wananchi. Kisangani iliguswa sana, maana biashara ya mji huu, kama ilivyokuwa katika miji mingi ya ndani, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikononi mwa Wagiriki, Wareno, Wahindi na Wabelgiji. Waliopewa mali hizo, wale walioitwa acquéreurs, wengi wao walikuwa watu wa siasa na wa utawala. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, ambaye alifanya utafiti Kisangani miaka michache baadaye na kuchapisha kitabu chake mwaka 1987, ameeleza jinsi wengi wao walivyouza bidhaa zilizokuwa rafuni wasiagize nyingine, hata maduka yakabaki matupu.

Habari ya maduka matupu imesimuliwa mara nyingi. Sisi twataka kutazama jambo moja linalosahauliwa: fidia. Wenye mali waliahidiwa fidia, nayo ilipwe kwa muda wa miaka kumi, kutokana na mapato ya mali ile ile iliyotwaliwa. Tuache kwanza swali la kama malipo yalifanyika. Tuchukulie, kwa hisani, kwamba serikali ilikuwa na nia safi, kwamba wakadiriaji walikuwa waaminifu, na kwamba duka moja la Makiso lilikadiriwa kwa haki kuwa la thamani ya zaire 10,000.

Mwaka 1973 zaire moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani, kama ilivyowekwa ilipozaliwa mwaka 1967. Duka letu basi lilikuwa la dola 20,000. Thamani ya zaire ikaanza kushushwa mwaka 1976, ikashushwa tena na tena, na baada ya kuporomoshwa mwezi wa Septemba 1983 dola moja ilikuwa karibu zaire 30. Yaani katika mwaka wa mwisho wa ile ahadi, zaire 10,000 zilizokadiriwa kwa haki zilikuwa karibu dola 333. Aliyesubiri zaidi aliona makubwa zaidi. Oktoba 1993 ilipotolewa zaire mpya, moja ilibadilishwa kwa zaire 3,000,000 za zamani. Duka zima la Makiso likawa sehemu moja ya mia tatu ya zaire mpya moja. Mwaka 1998 ikaja faranga ya Kongo, ambayo moja yake ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000. Msomaji mwenye subira aweza kuendelea na hesabu hiyo mwenyewe. Kalamu yetu imechoka na sifuri.

Katika hesabu hii hakuna aliyeiba. Kadirio lilikuwa sahihi siku lilipofanywa, na nambari iliyoandikwa haikubadilika. Kilichofanya kazi ni wakati peke yake. Ndiyo maana tunasema kwamba juste bila préalable ni ahadi tu. Mwaka 1976 serikali ilirudi nyuma, ikawaruhusu wenye mali wa zamani kurudishiwa kwanza asilimia 40, kisha asilimia 60 ya shughuli zao, sehemu iliyobaki ikiwa ya washirika wazalendo. Wengine walirudi Kisangani, wengine hawakurudi kamwe. Tukumbuke pia kwamba wafanyakazi wa maduka na mashamba yale, ambao walipoteza mishahara yao, hawakuwemo katika ahadi yoyote ya fidia, kwa kuwa mshahara wa kesho haukuhesabiwa kuwa mali.

Fedha, kitabu, kisha kuhama

Sheria inayotawala jambo hili, nambari 77-001 ya tarehe 22 Februari 1977, ilizaliwa mara baada ya misukosuko hiyo, na anayeisoma ataona kwamba waliyoitunga walijua ubaya wa kuchelewa. Uamuzi wa kutwaa hutolewa na waziri mwenye mambo ya ardhi, au na Rais ikiwa ni eneo zima. Ni lazima utaje mali yenyewe na watu wanaohusika. Utangazwe katika Gazeti Rasmi, na kila mhusika apelekewe kwa barua iliyosajiliwa, au kwa mkono wa tarishi anayerudi na hati yenye tarehe ya kupokea. Tangu siku ya kupokea, mhusika ana mwezi mmoja wa kutoa madai na maelezo yake. Serikali humtajia kiasi kwa kufuata ripoti ya wapima wake. Wasipokubaliana, mahakama huingia, nayo hutafuta wataalamu.

Ibara ya 18 ndiyo moyo wa sheria hiyo. Kwanza yasema kwamba fidia ifuate thamani ya mali katika siku ya hukumu inayothibitisha kwamba taratibu zimefuatwa, wala si thamani ya zamani. Pili, fidia ilipwe kabla umiliki haujaandikishwa kwa jina jipya, na kwa vyovyote isizidi miezi minne tangu hukumu ya kuweka kiasi. Miezi hiyo ikipita, aliyenyang'anywa aweza kuomba mahakamani utwaaji wote ubatilishwe, na kudai hasara juu yake. Mpangilio wa sheria basi ni huu: fedha, kisha kitabu cha hati, kisha kuhama. Malalamiko tunayoyasikia katika nchi yetu hutokea pale mpangilio unapopinduliwa, likatangulia katapila, kikafuata kitabu, na fedha ikabaki kuwa mazungumzo.

Mpangilio huu hupinduliwaje, hali sheria iko wazi? Njia iliyo rahisi kuliko zote ni kutoiita kazi hiyo kwa jina lake. Alama ya msalaba mwekundu hupakwa ukutani, na mwenye nyumba huambiwa kwamba amejenga ovyo: kwa Kifaransa, construction anarchique. Nyumba iliyojengwa juu ya hifadhi ya barabara au kando ya kijito haitwaliwi, yabomolewa. Anayebomolewa hana fidia, maana kwa mujibu wa usemi huo hakuwa na haki ya kupoteza. Wakati mwingine ni kweli kabisa: yuko aliyejenga juu ya mfereji, na maji ya mvua yanaingia kwa jirani kwa sababu yake. Lakini yuko pia aliyejenga mahali alipopimiwa na maofisa wa serikali yenyewe, akalipa, akapewa karatasi. Kwake yeye kivumishi anarchique kimefanya kazi ya sheria nzima. Kabla ya kujadili kiasi cha fidia, basi, yafaa mtu aulize swali la msamiati: ninatwaliwa, au ninabomolewa? Na kama ninabomolewa, hati niliyopewa ilisema nini?

Kilichohesabiwa kuwa mali

Hapo twafikia mahali pagumu, ambapo hatuna budi kukaa kidogo. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema kwamba ardhi ni ya Dola, haiuzwi wala haipotei kwa kupitwa na muda. Mawazo hayo hayakuzaliwa mwaka 1973. Tangu amri ya tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Leopold II ilijipatia kila ardhi iliyoitwa tupu, na tupu ilikuwa pamoja na msitu ambamo watu waliwinda na mashamba yaliyokuwa yakipumzishwa. Kwa sheria ya 1973 raia hana ardhi. Ana idhini ya kuitumia, nayo huthibitishwa kwa hati moja tu, certificat d'enregistrement. Hati hiyo ikishatimiza miaka miwili haiwezi kupingwa. Karatasi nyingine zote zilizojaa masandukuni mwa watu wa Kisangani, kijitabu cha mwenye nyumba cha zamani, fishi ya kiwanja, risiti ya ofisi ya mtaa, barua ya chifu, ni dalili za haki bila kuwa haki yenyewe.

Na nje ya mji, kwenye njia ya Buta, ya Ubundu au ya Bafwasende, hali ni ngumu zaidi. Sheria ile ile, katika ibara za 387 hadi 389, ilizifanya ardhi zinazokaliwa na jamaa za wenyeji kuwa za Dola, ikaahidi kwamba haki za jamaa hizo zitapangwa kwa amri ya Rais. Kwa miongo mingi amri hiyo haikutolewa. Wengi wametoa hukumu hapo kwamba mwanakijiji hana cha kufidiwa isipokuwa mimea na kibanda. Twaona hukumu hiyo ni ya haraka mno. Sheria ya 1977, inapoorodhesha vitu vinavyoweza kutwaliwa kwa fidia, inataja pia haki za jamaa za wenyeji za kuzitumia ardhi za Dola. Tena Katiba ya 2006 imetaja desturi kuwa njia mojawapo ya kupata mali. Mwenye kuunganisha maandiko hayo mawili ana hoja mkononi, hata kama amri ya Rais haikuja.

Hoja ya namna hiyo imekwisha kushinda kwa jirani zetu. Nchini Tanzania, baada ya watu kuhamishwa na kupangwa upya katika vijiji miaka ya 1970, wengine walianza kudai mahakamani mashamba yao ya zamani. Mwaka 1992 bunge likapitisha sheria ya kuzifuta haki za kimila katika vijiji hivyo na kuyazima madai yao. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika kesi ya Akonaay kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali kama mali nyingine, inayolindwa na ibara ya 24, na haiwezi kuondolewa bila fidia inayostahili. Ikaongeza jambo ambalo kwetu ndilo tamu: fidia isikomee kwenye majengo na mimea inayoonekana, maana mtu aliyeifyeka na kuitunza ardhi ameiongezea thamani kwa jasho lake hata pale ambapo hakuna mti wa kuhesabu. Hapo neno jasho liliacha kuwa la huruma, likawa la haki. Linganisha na kifuta jasho tulichokitaja juu.

Isidhaniwe kwamba twaisifu Tanzania kupita kiasi. Nchi hiyo hiyo mwaka 1971 ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na aliyekuwa na jengo lililozidi umri wa miaka kumi hakupata kitu, kwa hoja kwamba kodi ilikuwa imekwisha kumrudishia gharama zake. Ila baadaye walijifunza, na mafunzo yao yameacha msamiati ambao sisi wa Kiswahili cha Kongo twaweza kuuazima bila aibu. Kanuni zao za mwaka 2001 za kukadiria fidia zinataka, juu ya thamani ya soko, ilipwe posho ya usumbufu, posho ya usafiri wa mizigo, posho ya makazi kwa muda wa kutafuta nyumba nyingine, na faida iliyopotea kwa mwenye biashara. Na malipo yakichelewa, riba. Hapa fidia inatoka kwenye thamani ya kitu, inafika kwenye hasara ya mtu. Mama wa kwanga sasa ana jina la dai lake: faida iliyopotea. Kabla mtu hajaweza kudai, yampasa awe na neno la kudaia.

Fidia iliyotoka Hague

Katika miaka ya karibuni neno fidia limesikika Kisangani kwa sababu nyingine. Majeshi ya Uganda na ya Rwanda yalipopigana mjini humu kwa siku sita, mwezi wa Juni 2000, nyumba nyingi ziliharibiwa na watu wengi walikufa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa hukumu ya tarehe 9 Februari 2022, iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa matendo yake katika vita vile vyote: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa maliasili. Kuharibiwa na jeshi geni si sawa na kutwaliwa na serikali yako, na hatutaki kuyachanganya. Lakini mambo mawili ya hukumu hiyo yanafaa somo letu.

La kwanza ni umbo la malipo. Majaji walitaja sarafu, wakagawa jumla katika mafungu matano ya mwaka ya dola milioni 65, wakaweka tarehe ya kila fungu, na riba ya asilimia 6 juu ya litakalochelewa. Hiyo nayo ni fidia ya mafungu, kama ile ya 1973, lakini wakati umefungwa kamba pande zote. La pili ni la huzuni. Milioni 40 za mali ni kadirio la jumla, lililowekwa kwa sababu ushahidi wa nyumba moja moja ulikuwa haba. Aliyepoteza nyumba mara nyingi alipoteza pia sanduku lililokuwa na karatasi za nyumba. Mgawanyo kwa wahanga umekabidhiwa mfuko wa serikali uliowekwa makao yake hapa hapa Kisangani, na kwa hiyo swali la hati, ambalo tulidhani ni la ofisi ya ardhi peke yake, likahamia huko.

Juu ya tafsiri

Ibara ya 142 ya Katiba yetu inaiagiza serikali isambaze kila sheria kwa Kifaransa na katika kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Tukikumbuka kwamba mwenye kiwanja ana mwezi mmoja tu wa kudai, tangu siku aliyotia sahihi kwenye hati ya tarishi, tutaelewa kwamba tafsiri hapa ina thamani ya fedha. Asiyejua kwamba karatasi aliyoipokea imeanza kuhesabu siku zake huiweka juu ya kabati, akingoja mtoto arudi kutoka shuleni amsomee.

Wanafunzi wetu wanapopewa ibara ya 34 waitafsiri, hukwama kwenye préalable. Wengi huandika fidia ya mapema. Si kosa la sarufi, lakini mapema ni neno la kulegea: malipo ya mwezi mmoja baada ya nyumba kuanguka nayo yaweza kuitwa ya mapema. Wengine huandika fidia ya awali, na hapo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa malipo ya awali katika biashara ni fungu la kwanza tu, ambalo litafuatwa na mengine. Mtu akitia sahihi akidhani amepokea malipo ya awali, kumbe katika Kifaransa amekiri kulipwa yote, nani atamtetea? Fidia inayotangulia ni bora, ingawa haisemi inatangulia nini. Na tukiandika kwa kulipwa fidia, kihusishi kwa hakisemi kitu juu ya wakati. Chatosheka kwamba malipo yapo.

Sisi twapendekeza tafsiri hii, nayo ipimwe na wenzetu: Hakuna mtu atakayeondolewa katika mali yake isipokuwa kwa ajili ya manufaa ya umma, na baada ya kulipwa yote fidia ya haki isiyomwachia hasara, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Wanasheria waweza kutulaumu kwamba maneno yote na isiyomwachia hasara hayamo katika Kifaransa. Jibu letu ni kwamba la pili limo ndani ya indemnité, na la kwanza limo ndani ya préalable. Kifaransa kiliyaficha katika mizizi ya Kilatini, Kiswahili hakina mahali pa kuyaficha. Kuhusu baada ya, tungali tunabishana katika idara yetu kama kabla ya kuondolewa isingekuwa wazi zaidi kwa msomaji wa Lubunga, ambaye katika barua yote atatafuta kwanza neno linalomwambia ni lini atoke.